Lienhard, Mfuta Majina wa Grauwil

Tulieni, watu wa Grauwil, nimtaje aliyetupatia sheria. Enzi za babu wa babu zetu, milima ya Uswisi ilipokuwa na mahakimu wengi na haki haba, alizaliwa Lienhard mwana wa Burkhard, mwana wa Joss, ukoo wa watengeneza ngozi. Tauni iliwafagia wazazi wake wote wawili, akalelewa na shangazi yake Verena, aliyembeba mgongoni kuvuka theluji hadi mlangoni kwa mwalimu wa kwanza.

Huyo ndiye Lienhard Kifua cha Vitabu, aliyesomea sheria Italia miaka minane, akarudi akawashinda wanazuoni saba kwa mjadala wa siku tatu, akaanzisha chuo chetu. Kwa kuwa mahakimu waliwaogopa matajiri na kuwapendelea jamaa zao, aliweka kanuni: kila kesi ya adhabu ya kifo iletwe chuoni kwa maandishi ihukumiwe huko, jina la mshitakiwa likiwa limefutwa. Watu walimshangilia, naye, maskini, akavimba kichwa.

Mwaka wa ishirini wa kanuni hiyo likaja jalada la mwanamke aliyekiri uchawi. Lilikuwa la Verena, na Lienhard hakujua. Alilisoma asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana akaandika: "Amekiri. Afe."

Siku ya hukumu alisimama uwanjani na joho lake. Kwa desturi, hakimu hulitaja jina, kisha huvunja fimbo juu ya kichwa cha mhukumiwa, ishara kwamba hukumu haitenguki tena. Jina likatajwa. Lienhard akapiga ukelele, "Simamisheni!"

"Bwana Profesa," hakimu akasema, "mwandiko ni wako, na kanuni ni yako."

Lienhard akapiga magoti. "Shangazi, mbona hukuniita?"

"Niliwaambia nina mwanangu chuoni. Wakasema jina haliruhusiwi. Wakanisokota mikono mpaka nikakiri." Akamtazama usoni. "Umekonda, baba. Unakula kweli?"

Fimbo ikavunjwa.

Lienhard aliliacha joho pale matopeni, akapanda mlima kwa miguu huku akilia kwa sauti, na hakuna aliyemwona tena, hai wala maiti.

Tangu siku ile, mwanasheria wa Grauwil haandiki neno la kifo mpaka ashuke gerezani, aketi mbele ya mshitakiwa, amwulize jina lake, na jina la aliyemlea.