Kipa Aliyesajiliwa kwa Hofu

Hadithi hii nimeipokea kwa mtu, nami naipitisha kwako kama ilivyonifikia. Isome mpaka mwisho, ndipo umtumie mwenzako.

Palikuwa na mwalimu wa mpira aitwaye Teofili Mkude. Alifundisha Radi, timu ya mji mmoja wa pamba uliopasuliwa katikati na mto. Ng'ambo ya mto kulikuwa na timu nyingine, Nyuki, na baina ya timu hizo mbili hapakuwa hata na salamu.

Mkude aliujua mpira. Ila alikuwa mwoga, na woga wenyewe hakuzaliwa nao. Aliukuta kazini. Mwalimu aliyemtangulia alifungwa mfululizo, washabiki wakamfuata hadi nyumbani na kuvunja vioo vyote vya madirisha. Mara ya mwisho alionekana akikimbilia stendi na kiatu kimoja mguuni. Mkude alipewa nyumba ileile. Vioo vilikuwa vipya, lakini mkewe, Anjelina, alipofagia chini ya kitanda alitoa jiwe kubwa kama ngumi ya mtu mzima.

Tangu siku hiyo Mkude hakuwa na raha. Kunguru akitua juu ya bati, yeye anasimama. Watoto wakipita barabarani wanaimba, yeye anasogeza pazia kuchungulia.

Msimu ukaisha, Radi wakaponea chupuchupu kushuka daraja. Dirisha la usajili likafunguliwa. Huo ndio wakati ambapo kila timu huamua nani abaki, nani aende, na nani aletwe.

Mwenyekiti wa timu, Mzee Nsolezi, akamwita ofisini.

"Mwalimu, mabao yote mabaya tumefungwa kwa makosa ya ulinzi. Fedha tuliyo nayo inatosha mkataba wa kipa mmoja tu, wa zamani au mpya. Chagua mwenyewe. Ila ukikosea langoni, mimi sitaweza kuwazuia watu."

Mkude akaitika, "Sawa, Mzee." Lakini neno lile, kuwazuia watu, alitoka nalo hadi nyumbani.

Kipa wa Radi alikuwa Hashiri Lukanga. Alikuwa mtu mzima, mkimya, mwenye vidole vilivyovunjika na kuunga vibaya mara kadhaa kwa ajili ya timu hiyo. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, kwa hiyo alikuwa mchezaji huru, wa kwenda popote atakapo. Alikuja nyumbani kwa Mkude asubuhi moja, akakataa kiti, akazungumza amesimama mlangoni.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, Lukanga."

"Nimekuja kukwambia tu kwamba kuna watu wananipigia simu. Nimewajibu kwamba nina mwalimu wangu. Nangoja neno lako."

"Umefanya vizuri," akasema Mkude. "Nitakuita."

Wakati huohuo alikuwapo kipa mwingine katika mazungumzo ya watu. Jina lake Patrobas, mashuhuri kwa jina la Sumaku. Alikuwa ameachwa na timu kubwa ya jijini, naye alikuja mjini pale kutafuta timu. Mkude alimjaribu mazoezini. Mashuti ya mbali aliyanyaka kama anachuma mapera. Lakini kila krosi ilipopigwa, Sumaku aliganda kwenye mstari wake. Hakutoka.

Mkude alirudi nyumbani akamwambia mkewe, "Yule kijana ana mikono mizuri, lakini langoni hatoki. Kwa kona atatuua. Nabaki na Lukanga."

"Basi mwite Lukanga umwambie," akasema Anjelina.

"Kesho."

Kesho ilipofika, kabla Mkude hajanywa chai, simu ikalia. Alikuwa Mzee Nsolezi, anahema.

"Umesikia? Nyuki wanamtaka Sumaku!"

"Nani kasema?"

"Mji mzima unasema! Mwalimu wao, Kanduru, kavuka mto mwenyewe kumfuata. Sasa sikiliza. Wakimchukua huyo, halafu aje atudakie mipira yote mbele ya watu wetu, utawaeleza nini?"

Simu ikakatika. Mkude akabaki ameishika sikioni. Tayari aliwaona washabiki wamesimama, Sumaku ameruka juu, jezi ya Nyuki mwilini, mpira uko mikononi mwake. Na jukwaa zima linageuka polepole, haliutazami tena mchezo. Linamtazama yeye.

Akaweka kikombe chini, akavuta viatu vyake.

"Una nini?" Anjelina akauliza.

"Lazima tumsajili Sumaku. Leo."

"Si jana tu umesema hatoki langoni?"

"Nyuki wanamtaka."

"Nyuki wakitaka kuingia motoni, na wewe utawawahi?" Anjelina akavuta kiti akakaa mbele yake. "Baba Tito, niambie kweli. Unasajili kipa, au unasajili usingizi?"

Mkude aliinamia viatu. Akafunga kamba, akatoka.

Kabla jua halijapita utosini Sumaku alikuwa ametia sahihi kuichezea Radi. Wapiga picha walikuja. Mzee Nsolezi alicheka hadi meno ya nyuma yakaonekana. Mkude naye alicheka, lakini alikuwa anachungulia mabega ya watu, akitafuta kama Lukanga yupo.

Hakuwapo. Mkude alimkuta uwanjani, anavua nyavu za goli azipeleke kushonwa, kazi aliyokuwa akiifanya kila mwisho wa msimu bila kuagizwa na mtu.

"Lukanga, ndugu yangu..."

"Nimesikia, mwalimu."

"Ungekuwa wewe ungefanyaje? Watu hawa unawajua."

Lukanga aliendelea kukunja nyavu. "Mimi nimesimama mbele ya watu hao tangu ujana wangu," akasema. "Wanapiga kelele, kweli. Lakini mpira unatoka mbele, mwalimu. Hautoki jukwaani."

Akamkabidhi nyavu, akaondoka.

Siku dirisha lilipofungwa habari ikavuka mto: Lukanga amejiunga na Nyuki. Mkude alipumua kwa nafuu. "Wamemkosa Sumaku, wameokota tulichokitupa," akamwambia mkewe. Usiku ule alilala fofofo. Ulikuwa usiku wake wa mwisho wa kulala hivyo.

Msimu ulipoanza, Sumaku alidaka mashuti ya ajabu na watu wakamwimba. Kisha timu moja ikagundua. Ikapata kona, ikapiga juu katikati ya boksi, Sumaku akabaki mstarini, bao. Wiki iliyofuata wengine wakafanya hivyohivyo. Ligi nzima ikawa inajua kwamba dawa ya Radi ni kona.

Mkude alimfundisha kutoka. Alimsihi, alimfokea. Sumaku akakiri kwa sauti ndogo, "Mwalimu, niligongwa kichwa jijini nilipotoka kufuata krosi, nikazirai. Tangu hapo miguu inakataa."

Mkude alimtazama kijana yule, na kwa mara ya kwanza alimwonea huruma, kwa sababu alikuwa anamwelewa mno. Hata hivyo huruma haizuii kona. Radi wakateremka katika msimamo, nafasi baada ya nafasi. Na jioni moja, Mkude na mkewe wakiwa mezani, jiwe la kwanza likatua juu ya bati.

Anjelina alisimama, akasogeza meza mbali na dirisha, wakaendelea kula. Chakula hakikuwa na ladha yoyote.

Ikafika mechi ya mwisho. Radi walikuwa nyumbani dhidi ya Nyuki. Nyuki wako salama katikati ya msimamo, lakini Radi wakipoteza, wameshuka daraja. Watu walijaa hadi juu ya kuta za kiwanda cha pamba kilichopakana na uwanja.

Kipindi cha kwanza hakikuwa na bao. Cha pili, Nyuki wakapata kona. Uwanja mzima ukanyamaza, maana kila mtu alijua. Mpira ukapaa, ukaelea, Sumaku akapiga hatua moja mbele, akarudi. Kichwa cha beki wa Nyuki kikaukuta. Bao.

Karibu na mwisho Radi wakapewa penalti. Mpigaji wao alikuwa hodari, lakini alikuwa amejifunza kupiga penalti mazoezini dhidi ya Lukanga miaka yote. Lukanga alimngoja ainue mguu, akaenda kushoto kama mtu anayefuata njia ya nyumbani kwake, akaudaka mpira ukaganda kifuani mwake.

Filimbi ikalia. Radi wakashuka daraja.

Mkude hakumbuki alivyofika chumba cha kubadilishia nguo. Anakumbuka kwamba alijikuta peke yake, mlango kaufunga kwa komeo, kelele nje kama mvua ya mawe. Kitu kikapiga ukuta. Kingine kikapiga bati. Kisha ngumi zikaanza kugonga mlango. Alijibana kwenye kona nyuma ya benchi, akafunga macho, akaanza kusali. Sala aliyoijua tangu utotoni ikampotea katikati.

"Mkude! Fungua! Mimi Kanduru!"

Akafungua komeo. Alikuwa Shomvi Kanduru, mwalimu wa Nyuki, adui yake wa ng'ambo. Nyuma yake alisimama Lukanga, bado ana glovu mikononi.

"Polisi wanawarudisha vijana nyuma," akasema Kanduru. "Njoo katikati yetu. Basi letu liko hapa mlangoni."

Wakamweka katikati, Lukanga upande wa mawe, wakamwingiza ndani ya basi. Basi lilipoanza kwenda, Mkude akapata sauti.

"Ahsante. Bahati imekuwa yako, Kanduru. Ulimtaka Sumaku, mimi nikakuwahi. Kumbe nilikuokoa."

Kanduru akamgeukia. Kisha akasema, "Sikumtaka Sumaku hata siku moja."

"Ulivuka mto kumfuata."

"Nilivuka mto kunyoa. Kwa kinyozi anayemnyoa mwenyekiti wenu. Nilipokuwa kitini niliuliza tu kwa sauti, huyu Sumaku amefikia wapi? Sikusema neno lingine. Nikalipa, nikarudi zangu."

Mkude alimtazama kama mtu asiyesikia vizuri.

"Niliyemtaka ni Lukanga," Kanduru akaendelea. "Miaka yote nampigia simu. Jibu lake moja tu: nina mwalimu wangu. Nikajua huyu simtoi mimi. Wa kumtoa ni wewe."

"Ulijuaje kwamba nitamtoa?"

"Kila tukicheza, benchi langu linatazamana na lako. Sijawahi kukuona ukiutazama mpira, Mkude. Unatazama jukwaani. Nikajiambia, mtu huyu hahitaji kupigwa, anahitaji kushtuliwa tu."

Mkude akamgeukia Lukanga. "Na wewe ulijua?"

"Wallahi sikujua, mwalimu. Ndiyo kwanza nasikia, kama wewe." Lukanga alikuwa anavua glovu, kidole baada ya kidole. "Mimi nilichojua ni kwamba ulisema utaniita. Nilikaa na simu hadi siku dirisha lilipofungwa. Nyuki nilitia sahihi saa ya mwisho kabisa."

Mkude akainamisha kichwa. Aliona kwamba hapakuwa na mtu aliyemnyang'anya kitu. Alimjua kipa mzuri, akasema kwa kinywa chake kwamba atabaki naye. Kisha akamtoa kwa mikono yake mwenyewe, akampeleka ng'ambo, kwa sababu ya swali lililoulizwa kwenye kiti cha kinyozi.

Walipofika darajani akaomba ashuke.

"Hapa? Watakuua," akasema Lukanga.

"Niache nishuke."

Alitembea kuelekea mjini akingoja jiwe mgongoni. Vijana walikuwa wamekaa vibarazani, jezi mabegani, wamechoka kwa kulia. Mmoja alimwona, akamtazama kwa uchungu, akageuza uso. Mwanamke aliyekuwa akikaanga mihogo kando ya barabara aliinua kichwa.

"Pole, mwalimu," akasema.

Mkude akasimama pale. Siku zote alikuwa amewaogopa watu hawa, na hajawahi hata mara moja kupita kati yao kwa miguu kuwatazama usoni. Machozi yakamtoka mbele ya kila mtu, wala hakuyafuta.

Funzo: Anayeifahamu hofu yako hana haja ya kupigana nawe, atakuonyesha kivuli tu, nawe utamkabidhi kwa mikono yako kilicho bora ulicho nacho. Uamuzi ulioufanya ukiwa umetulia, usiuvunje kwa sababu umeshtuka.