Pacha Wawili Waliokaa Juu ya Figo

"Acheni kumpepea, haumwi," alisema Bibi Nakundwa, akawapokonya wanawake upepeo. Mjukuu wake Navoneiwa, bibi harusi, alikuwa ameketi kitandani na gauni lake, mkono kifuani. Makande ya mahindi na maharage yalimshinda tangu asubuhi. Moyo ulimwenda mbio, na sasa alikuwa akisema kwamba unamwonya, heri ndoa ivunjwe. Wakwe walikuwa wameshapanda nusu ya mlima. Bibi akavuta kigoda, akaanza.

Kulikuwa na zama ambazo moyo wa binadamu ulikuwa na mwendo mmoja tu, ule ule wa kulala na wa kulima. Mwilini kila mtu alikuwa na kazi yake. Moyo alisukuma damu, Tumbo alipika, Mapafu walivuta hewa, Ini alilinda ghala la sukari. Pacha wawili tu ndio hawakuwa na kazi, vijitu vidogo kama harage bichi. Kwa kukosa nafasi walikaa juu ya figo, mmoja kulia na mmoja kushoto, wakaitwa Vikofia. Walitaniwa sana, maana asiye na kazi hakosi jina.

Siku moja mama mmoja, Nakiete, alikuwa akipalilia. Mwanawe alikuwa amelala ng'ambo ya mfereji wa maji. Nyati akatoka kichakani, akamwelekea mtoto. Macho yaliona, na Ubongo akapiga kelele, lakini wenye kazi wana kiburi. Tumbo alisema amalize kwanza makande. Ini alikuwa akitafuta ufunguo. Miguu ikaenda mwendo ule ule wa kisimani, na nyati alikuwa ameinamisha pembe.

Walioitika ni wale wasio na kazi. Hawakuwa na mbiu ya kupuliza, hivyo wakajikamua wenyewe, wakamwaga maji yao ndani ya damu, kwa kuwa damu hupita kila mlango. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Moyo akaipata, akaanza kutwanga kama wanawake watatu kwenye kinu kimoja. Mapafu wakafunguka. Ini akavunja mlango wa ghala, sukari ikamwagikia misuli. Tumbo akazima moto na chakula kikiwa mbichi, hata mate yakakauka. Nakiete akauruka mfereji ambao wanaume waliuvukia darajani, akamnyakua mtoto mbele ya pembe, akapanda naye jabali.

Huko juu alitetemeka mpaka meno yakagongana, kwani mbiu iliyokwishaingia damuni haizimwi mara moja. Kisha akacheka, na mtoto akacheka naye.

Pale pale mwili ukawafanya Vikofia wapiga mbiu wake. Wakaongezewa na zamu ya alfajiri, kuachilia maji mengine ya taratibu kupitia ganda lao la nje, ili mtu aamke akiwa na nguvu za kushika jembe. Walifurahi mno, lakini wana kasoro moja: hawana macho. Wakiambiwa pigeni, wanapiga, na hawajui kama aliyekuja ni nyati au ni mgeni wa heri.

Na tangu siku hiyo, linapomfikia mtu jambo kubwa, moyo humwenda mbio, mdomo humkauka na chakula humshinda. Mtu huyo haumwi. Ni pacha wako kazini.

"Sasa nisikilize, mke mwenzangu," Bibi akamwambia Navoneiwa, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Mbiu haimwambii mtu akimbilie wapi. Nakiete ilimlilia akaelekea kwa nyati, kwa sababu aliyempenda alikuwa upande ule. Wewe umechungulia dirishani mara ngapi leo?"

"Mara nne, bibi."

"Ulikuwa ukitafuta njia ya kutorokea?"

Navoneiwa akainamisha uso. "Nilikuwa nikitazama kama wamefika."

Wanawake wakaangua kicheko, na yeye akacheka kuliko wote. Nyimbo za wakwe zikasikika getini. Moyo ulikuwa bado ukienda mbio aliposimama na kuomba viatu vyake.