Njuga ya Mavura

Hapo zamani, milima ikiwa hii hii ila watu wengine, palikuwa na kijiji huko Upare kilichoishi kwa maji ya ndiva moja. Ndiva ni bwawa dogo la udongo. Usiku linajaa, na alfajiri mwenye zamu anaingia majini, anang'oa kizibo kilicho chini, maji yanashuka kwenye mfereji mpaka mashambani. Na mwenye zamu alikwenda peke yake. Hasindikizwi, hasalimiwi, wala yeye mwenyewe hafungui kinywa mpaka maji yaguse shamba la kwanza. Ndivyo walivyoyaheshimu maji yao.

Wewe unayechokoa meno, acha kwanza. Hapo kwenye kunyamaza ndipo hadithi ilipo.

Mlinzi wa ndiva aliitwa Mavura. Alikuwa mtu mpole, mtu wa kucheka na watoto na kuwabebea wazee kuni. Akafa mke wa mhunzi akiwa zamuni kwenye ndiva, watu wakasema maji yamemchukua. Akafa mfuga nyuki, watu wakasema maji yamemchukua. Wakafa ndugu wawili, mwaka huu mmoja, mwaka ule mwingine, watu wakasema maji yamewachukua. Wakachinja mbuzi kuyatuliza maji. Na unajua nani aliyeshika miguu ya yule mbuzi ili achinjwe vizuri? Mavura!

Wa tano akawa Mbonea, mtoto pekee wa mjane Nakijwa. Nakijwa alipokuwa anamwosha mwanawe alikuta ngumi moja imefumba. Akaikunjua kidole kimoja kimoja. Ndani mlikuwa na kipande cha ngozi ya mbuzi, ngozi ya kuvaa. Akatoka nacho mkononi, akaenda mpaka pombeni, wanaume wamekaa, akakiweka kwenye vazi la Mavura pale lilipochanika. Kikaenea.

Mavura hakukana. "Wote watano ni wangu," akasema.

"Kwa nini?" wakamuuliza.

"Kwa sababu walikuwa hawapigi kelele."

Mimi hapo ningekuwepo, sijui ningefanya nini. Lakini mfumwa, ndiye mtawala wao, alisema damu ya mtu yule isimwagike kwenye ardhi inayonywa maji yao. Wakamfunga pangoni, akawa anaponda mawe ya chuma kwa ajili ya wahunzi. Aliponda miaka ishirini. Hakumtukana mlinzi hata mmoja, hakugoma hata siku moja.

Akaja mfumwa mpya, kijana, anataka kupendwa. Siku ya kukalia kigoda, Senzota mpuliza baragumu akasimama. Senzota na Mavura walikuwa rika moja, walitahiriwa siku moja.

"Mfumwa," akasema, "yule amezeeka. Ameponda mawe mpaka mgongo umepinda. Mtoe kwa masharti. Mimi nasimama badala yake, akikosea niulizwe mimi."

Mfumwa akakubali. Mavura akatolewa kwa masharti matatu. Avae njuga ya chuma kwenye kifundo cha mguu, iliyofungwa kwa nyundo, isiyo na pa kufungulia. Asivuke mstari wa masale, ile mimea ya mpaka, uliozunguka ndiva. Na njuga yake isikike nyumbani kwake kila alfajiri, wakati mwenye zamu yuko majini.

Nakijwa hakulia wala hakutukana. Alihamisha nyumba yake. Akajenga ukutani kwa Mavura, akakaa akisikiliza.

Sasa Mavura akaanza kufunga. Leo hali, kesho anaonja, keshokutwa hali. Watu wakaona, roho zikawalainika. "Mnaona mtu anavyojuta?" wakaambiana. Akina mama walimpelekea uji, akaurudisha. Akakonda mwezi baada ya mwezi, mbavu zikahesabika, miguu ikabaki mifupa. Senzota akatembea kifua mbele kijiji kizima. "Si niliwaambia?"

Nakijwa peke yake ndiye aliyeitazama ile miguu, si ile toba. Lakini hakusema. Nani angemsikiliza? Kila mtu alishamwita bibi mwenye kinyongo.

Ikafika zamu ya Namkunda. Huyu alikuwa binti wa nyumba ya mwisho mferejini, karibu kuolewa, mwembamba lakini mikono ya kulima. Alfajiri akavuka mstari wa masale, kimya, akaingia majini.

Huku nyumbani Nakijwa anasikiliza. Njuga ya Mavura inalia. Chwa, chwa. Inanyamaza. Chwa-chwa-chwa. Inanyamaza. Nakijwa akakaa wima kitandani. Alikuwa amezisikiliza hatua za mtu yule mwaka mzima na zaidi, na mtu hatembei hivyo. Akatoka na fimbo yake, maana alikuwa kiwete, akachungulia uani kwa Mavura.

Njuga ilikuwa imefungwa kwa kamba shingoni mwa mbuzi.

Kumbe mtu alikuwa hafungi kwa kujuta! Alifunga mpaka mguu ukakonda ukateleza ndani ya chuma ukatoka. Mkasifia, mkampelekea na uji!

Ndiva iko mbali, na Nakijwa hawezi kukimbia. Akajikokota mpaka kwa Senzota, nyumba ya tatu.

"Senzota, piga baragumu la msaragambo. Mavura yuko ndivani."

Msaragambo ni kazi ya kijiji kizima. Baragumu likilia, kila mtu anatoka na jembe lake, mgonjwa tu ndiye anayebaki. Kwa hiyo sheria ilikuwa kali: atakayelipiga bila amri ya mfumwa, nyumba yake inachomwa na yeye anafukuzwa nchini.

"Mama Mbonea," Senzota akasema, "una hakika?"

"Nina hakika na mbuzi."

Senzota akaitazama nyumba yake, mkewe na wajukuu wamelala ndani. Akalishika baragumu akalipiga mara tatu, mlio wa kuita watu ndivani, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Wakati huo Mavura ameshamkamata Namkunda, amemkandamiza chini ya maji. Aliposikia baragumu alishtuka, mikono ikalegea kidogo tu. Kidogo hicho kilimtosha Namkunda. Angeweza kuponyoka akakimbilia masaleni. Hakukimbia. Alipiga mbizi chini zaidi, akakishika kizibo kwa mikono yote miwili, akaking'oa. Maji yakavuta kwa nguvu, yakauvuta mguu wa Mavura, ule ule uliokondeshwa, ukaingia kwenye tundu mpaka pajani. Ukakwama hapo.

Namkunda akapanda ukingoni, anakohoa. Maji yamesimama kidevuni mwa Mavura.

"Binti," Mavura akalia, "nivute! Nakufa mie! Binti, sema neno!"

Namkunda hakujibu. Maji yalikuwa hayajagusa shamba la kwanza.

Kijiji kikafika na majembe, mia na zaidi. Mguu ulikuwa umeanza kuteleza kutoka kwenye tundu, mtu yule karibu kuponyoka. Wanaume wanne wakamkamata, wakamvuta nje, na maji yakapata njia, yakashuka mferejini yakinguruma. Yalipogusa shamba la kwanza, Namkunda akafungua kinywa.

"Tulipiga kelele," akamwambia Mavura. "Wote sita. Ni wewe tu hukusikia."

Weee! Hapo vigelegele vilipanda mpaka misitu ikaitikia. Mavura alirudishwa pangoni akiwa amebebwa kama gunia, na mlango wa pango ukajengwa kwa jiwe, ukaachwa upenyo wa chakula tu. Watu wakaimba siku tatu. Mimi naimba mpaka leo.

Siku ya nne mfumwa akasema, "Makosa yangu nimeyaona. Sasa nitoe heshima. Natoa maji ya kwanza." Maji ya kwanza ndiyo zamu inayotangulia nyingine zote. Mwenye nayo, ndiva huitwa kwa jina lake, yeye na kizazi chake. Hayagawanywi, maana wa kwanza ni mmoja.

Nakijwa akasema, "Mimi nilisikia ninyi mlipokuwa mnasifia. Nisingesikia, Senzota angepuliza nini? Ndiva iitwe Mbonea, mwanangu arudi kwenye vinywa vya watu."

Namkunda akasema, "Shikamoo mama, nakuheshimu. Lakini masikio hayakuwa majini. Mimi nilikuwa na njia ya kukimbia nikashuka chini. Na uliiona miguu ikikonda, mama. Ungesema mapema, nisingeingia peke yangu."

Senzota akasema, "Ninyi wawili hamkuwa na cha kupoteza kwa sheria. Mimi nilikuwa na nyumba. Bila baragumu, mikono ile isingelegea."

"Na nani aliyemtoa pangoni?" Nakijwa akafoka. "Si wewe uliyesimama badala yake?"

"Nilisimama," Senzota akasema, machozi yanamtoka. "Ndiyo maana nilipuliza."

Mfumwa akawageukia wazee. Sheria inasema Senzota afukuzwe, na huyo huyo anadai heshima. Wazee wakatazamana. Ndiva imejaa mpaka ukingoni, mahindi yanaanza kujikunja majani kwa jua, na hakuna anayeruhusiwa kugusa kizibo mpaka mwenye maji ya kwanza atajwe.

Basi mimi nimefikisha maji ukingoni, kizibo nawaachia ninyi. Mama aliyesikia, mtu aliyepuliza, au binti aliyeng'oa: je, nani alistahili?