Pongo Mwenye Salamu

— Masikio yako wapi?
— Yapo!
— Na yale yaliyolala?
— Yameamka!
— Basi yashikeni vizuri, yasije yakaondoka kabla yangu.

Hapo kale, mlima wetu ulipokuwa bado mtoto, kofia yake nyeupe ilikuwa kubwa kuliko kichwa chake. Ikawa inateleza. Mwaka mmoja iliteleza mpaka machoni, mwaka mwingine ikateleza mpaka mabegani, na msitu wote wa juu ukalala chini ya theluji. Migomba ya watu ilitetemeka huku chini kama ina homa.

Sasa theluji ina tabia mbaya. Ikimwangukia mtu, anakuwa mweupe. Ikimwangukia mnyama, anakuwa mweupe. Ikiangukia kichaka, ndiyo usiseme. Wawindaji wa nchi ile wakawa wanapigana mishale ya makalio. Huyu anadhani amemwona pongo, kumbe ni shemeji yake amechutama kufunga kiatu. Msimu ule mashemeji wengi walikula chakula wakiwa wamelala kifudifudi.

Wazee wakakaa, wakapitisha sheria. Msituni, kwanza salamu. Ukisalimiwa ukaitika, mshale wako umelala mpaka kesho. Anayevunja sheria hii, upinde wake unakatwa kuni.

Sheria nzuri. Makalio yakapona. Ila wazee walisahau kusema kwamba anayesalimia ni lazima awe mtu. Tusiwalaumu, nani angefikiri?

Katika nchi hiyo alikuwepo kijana mmoja, jina lake Mringi. Kwa upinde hakuwa na mwenzake. Angeweza kudondosha ndizi moja kwenye mkungu, zile nyingine zisijue kuna aliyeondoka. Lakini Mringi alikuwa na ugonjwa mmoja: adabu. Hakuweza kumpita mtu bila kumsalimu, na akimsalimu atamuuliza watoto, akimaliza watoto atauliza mbuzi, akimaliza mbuzi atauliza yule mbuzi aliyekuwa anakohoa mwaka juzi. Wenzake wakiondoka alfajiri, saa ya kurudi na nyama mabegani ndipo wanakutana naye njiani anapanda. Na hapo tena lazima awasalimie.

Ndiyo maana msimu ulifika ukingoni na Mringi hajaleta hata sungura.

Wewe unayecheka pale nyuma, subiri. Haichekeshi bado.

Mkewe Mringi, Manka, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza nyumbani kwa mama yake, Mama Towo. Na desturi ya kule ilikuwa hivi: baba hamwoni mtoto wake wa kwanza mpaka alete ngozi ya pongo ya kumbebea. Pongo mnamjua, yule paa mwekundu wa vichakani mwenye pembe zilizosokotwa. Ngozi yake ni laini, haimchubui mtoto. Msimu ukiisha na pinde zikitundikwa darini baba hajaleta ngozi, basi mtoto na mama yake wanabaki kwa bibi mpaka msimu mwingine. Mpaka hapo mtoto ameshatembea, ameshaota meno, na anamwita babu yake baba.

Kila jioni Mringi alikwenda kusimama nyuma ya ua wa masale wa Mama Towo, akimsikiliza mtoto analia. Alikuwa hajui kama ni wa kike au wa kiume. Aliijua sauti tu. Akirudi nyumbani, nyumba ilikuwa kimya, naye aliumia sana.

Mama Towo alimwona siku moja kupitia majani. Akamwambia binti yake kwa sauti ya kusikika, "Mumeo atakuja, mwanangu. Anamalizia kuwasalimia mawe."

Mringi akaamka mapema. Upote, ile kamba ya upinde, akaubana kwapani usigande, podo la mishale akalitundika begani, akapita njia ya nyuma ili asikutane na mtu. Akapanda. Theluji ilikuwa laini na nyayo za pongo zimeandikwa juu yake wazi kabisa. Akazifuata mpaka kwenye mti mmoja mkubwa, akajibanza. Akasubiri. Theluji ikamwangukia kichwani, ikamwangukia mabegani, ikamfunika mpaka ndege akaja akakaa kwenye kiwiko chake akidhani ni tawi.

Pongo huyo akatokea. Dume, mnene, amenawiri. Mringi akavuta upote.

Pongo akasimama nyuma ya kichaka, akasema, "Hodi."

"Karibu," akajibu Mringi.

Limekwisha hilo. Alikuwa hata hajamaliza kusema "karibu" alipojua amefanya nini. Akaushusha upinde. Pongo akapita mbele yake polepole, akala majani, akaaga, akaenda zake.

Mnauliza pongo alijifunzia wapi? Pongo huyo alikuwa akishuka kila alfajiri kula maharage ya watu nyuma ya nyua, na huku anakula anawasikiliza wanavyosalimiana. Alikula maharage mengi, akajua adabu nyingi.

Kesho yake Mringi akaja amejiandaa. Alijaza nyuzi za mgomba masikioni, kulia na kushoto, mpaka zikatokeza kama ndevu zilizopotea njia. Akajibanza. Akasubiri. Theluji ikamwangukia, ndege akaja akakaa.

Pongo akatokea. Mringi akavuta upote. Akaona mdomo wa pongo unacheza.

Hakusikia kitu. Vizuri. Lakini jamani, mtu amekusemesha, nawe humjibu? Je, kama anasema kuna moto kwako? Je, kama anaulizia afya ya mama yako? Mringi akavumilia. Jasho likamtoka katikati ya theluji. Mwisho akachomoa nyuzi za sikio moja.

"Samahani," akasema, "ulikuwa unasema nini?"

"Nilikuwa nasema pole na baridi."

"Ahsante, nimeshapoa."

Limekwisha na hilo. Pongo akala majani, akaaga, akaenda zake. Mringi akabaki na nyuzi mkononi.

Jioni hiyo mtoto alilia kwa muda mrefu, na Mringi nyuma ya masale akapiga moyo konde. Kesho ilikuwa siku ya kutundika pinde. Baragumu likilia jioni, basi. Akasema, kesho nitakuwa mtu asiye na adabu hata chembe. Nisalimiwe na pongo, nisalimiwe na mkuu wa nchi, nisalimiwe na marehemu babu yangu, sijibu.

Kukapambazuka. Akapanda, amekunja uso. Njiani akapishana na mzee mmoja mwenye mzigo wa kuni. Hakumsalimu. Mzee aliduwaa, akarudi nyumbani akalala, akijua sasa dunia imefika mwisho.

Mringi akajibanza. Akasubiri. Ndege akaja, akauona uso ule, akaondoka.

Pongo akatokea. Mringi akavuta upote mpaka shavuni.

"Hodi," akasema pongo.

Kimya.

"Pole na baridi."

Kimya. Mshale ukamwelekea mbavuni.

Pongo akaona leo kuna kazi. Akainamisha pembe zake mpaka zikagusa theluji, akasema kwa upole, "Shikamoo, baba."

Sasa nisikilizeni. Mringi alikuwa kijana. Tangu azaliwe, yeye ndiye aliyekuwa akiamkia watu. Hakuna aliyewahi kumwamkia yeye. Mtoto alikuwa amempata, lakini hapakuwa na mtu hata mmoja aliyemwita baba, kwa sababu mtoto mwenyewe hajamwona. Neno hilo lilimwingia kifuani, likakaa.

"Marahaba, mwanangu," akasema, na mshale ukamdondoka miguuni.

Akakaa chini kwenye theluji. Huko chini jua lilikuwa limeanza kuinama. Angeweza kuokota mshale, ndiyo, hakuna aliyekuwa akimwona. Lakini hakuweza. Ukishamwitikia mtu marahaba, humwoni tena kama nyama.

Pongo naye angeondoka zake kama siku zote. Ila adabu ina mtego wake: ukianza salamu, unaimaliza. Akauliza, "Habari za nyumbani?"

"Nyumbani kuna mtoto mchanga," akasema Mringi.

"Hongera, baba. Wa kike au wa kiume?"

"Sijui. Siruhusiwi kumwona bila ngozi yako."

Pongo akakohoa kidogo.

Mringi akainua uso. Kuna kitu kilikuwa kimempitia kichwani. "Hebu niambie," akasema. "Mtu ameambiwa kwa baba yake kuna mtoto mchanga. Ameambiwa kwa mdomo, amesikia kwa masikio yake. Halafu haendi kumwona mtoto wala kumpa mzazi pole. Mtu huyo anaitwaje?"

Pongo akatazama majani. Akatazama mawingu. Akachimba theluji kwa kwato.

"Anaitwa mtovu wa adabu," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi twende."

"Baba, nikifika kule wataniweka sufuriani."

"Kwani wewe unakosa la kusema? Salamu yako imeninyima ngozi siku zote hizi. Leo ikanipatie. Muanze mama mkwe."

"Ni mkali?"

"Sana."

Wakashuka, Mringi mbele, pongo nyuma, wakiteleza kwenye theluji, mmoja akimwambia mwenzake "pole", mwenzake akisema "ahsante". Walipofika kwenye masale, baragumu likaanza kulia. Watu wote walikuwa uani kwa Mama Towo, wamekuja kuona kama mkwe ataleta ngozi, pinde zao mikononi tayari kwa kutundikwa. Kila mtu akageuka.

Mama Towo akatoka na kisu, maana alikuwa akimenya ndizi. "Mkwe wangu," akasema, "umeleta nini?"

"Nimeleta ngozi, mama."

"Mbona inatembea?"

"Bado ina mwenyewe ndani, mama."

Mama Towo hakuwa mtu wa kuchelewa. Akashika kisu vizuri. Akafungua mdomo kuwaambia vijana wamkamate yule mnyama miguu. Mdomo uko wazi, neno liko ulimini, pongo akainama mpaka chini.

"Shikamoo, mama. Hongereni kwa mtoto. Tumesikia, tukasema haiwezekani tusije."

Mama Towo alikuwa mwanamke wa miaka mingi, na miaka yote hiyo amekuwa akiamkiwa. Neno la kwanza likarudi tumboni, na jingine likatoka lenyewe bila ruhusa.

"Marahaba, baba. Karibu ndani."

Uani zikasikika ndizi zikichemka.

Mama Towo akatazama kisu chake. Mgeni aliyekuja kumwona mzazi, ukamkaribisha mwenyewe mbele za watu, utamchinja vipi? Akakiweka kisu kwenye mkanda. Akatafuta pa kutokea.

"Sawa," akasema. "Lakini desturi ni ngozi. Ngozi ya kumbebea mtoto. Iko wapi?"

"Hii hapa, mama," akasema Mringi. "Desturi inasema ngozi ya pongo ya kumbebea mtoto. Haisemi iwe imevuliwa."

Watu wakatazamana. Wazee wakaulizana kwa minong'ono kama kuna aliyewahi kusema iwe imevuliwa. Hakuna. Walikuwa wamesahau tena.

Pongo akapiga magoti mlangoni. Manka akatoka na mtoto, akamlaza juu ya mgongo ule mwekundu, akamshika kiunoni asianguke. Mtoto alikuwa analia kama kawaida yake. Akayashika yale manyoya kwa vidole vyake, akanyamaza.

Alikuwa msichana.

Mringi akasimama mbele yake. Mtu huyu aliyesalimia watu, mbuzi na mawe, mtu aliyeshindwa kumpita mchungaji bila kuuliza habari za kijijini kote, alifungua mdomo pasitoke kitu. Alikuwa analia. Sisemi machozi yalimlengalenga, nasema alilia, na wenye pinde walimwona.

Pongo akamgonga kidogo gotini kwa pembe. "Baba," akamnong'oneza, "msalimie."

"Hujambo, mwanangu," akasema Mringi. "Habari za siku zote hizi?"

Mtoto akamtazama. Akamtapikia maziwa kidogo pongo mgongoni, na Mama Towo akasema hilo ndilo jibu la watu wa ukoo wetu, mtoto amesema njema.

Manka akarudi kwake jioni ile ile, na mtoto akafika nyumbani kwa baba yake akiwa juu ya ngozi yake. Pongo alikaa nao mpaka mtoto akajua kutembea. Alikula maharage bila kujificha. Mtoto alimmwagia maziwa, alimmwagia uji, alimmwagia mtindi, na doa halikutoka hata lilipofuliwa. Ndiyo maana mpaka leo ukimwona pongo ana madoa meupe mgongoni, ujue ni mlezi.

Na wawindaji wa nchi ile? Mpaka leo wanapanda msituni wamefungwa vitambaa mdomoni. Wakiulizwa, wanasema ni baridi.

Hadithi yangu imeshuka mlimani. Imefika mlangoni kwenu, imepiga hodi.
— Karibu!
— Basi mmeshaitika. Msiipige mshale.