Simu Iliyolala Ndani ya Droo

Sabato ni ndefu na mfano wangu ni mfupi, kwa hiyo tulieni nami kidogo.

Kulikuwa na msichana mmoja, mtoto wa kusanyiko dogo kama hili letu, aliyekwenda kusoma chuo kikuu cha mbali. Katika bweni zima Myahudi alikuwa yeye peke yake. Mwenzake wa chumbani alizoea kumtania: “Ijumaa jua likizama, na wewe unazama nalo.” Naye alikuwa akicheka, huku akiizima simu, akiifunga kwa kitambaa na kuilaza ndani ya droo, isiguswe mpaka Sabato iishe Jumamosi jioni, kama mama yake alivyomfundisha.

Mwaka wa pili hofu ikaanza kumjia. Haikuwa hofu ya mtihani. Hii iliingia bila hodi: kifua kinabana, viganja vinalowa, moyo unakimbia kana kwamba umeona kitu ambacho macho hayajakiona. Akaenda kwa mshauri wa wanafunzi, mama mmoja mwenye sauti ya chini, naye akamwandikia nambari yake kwenye karatasi.

“Ikikuzidi, nipigie. Siku yoyote.”

Msichana akaitikia. Lakini katika zile siku saba, moyoni mwake akaitoa moja.

Basi, ndugu zangu, mnadhani hofu ilichagua kuja siku gani?

Ilikuja Jumamosi, saa nne asubuhi, jua linawaka, wenzake wanafua nguo uani na kuimba. Yeye alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mbali na dirisha, kwa sababu chumba chao kilikuwa ghorofa ya tatu na asubuhi ile alikuwa ameanza kuiogopa mikono yake mwenyewe. Droo ilikuwa hatua mbili tu kutoka alipokaa. Aliitazama kama mtu mwenye kiu anavyotazama kisima cha watu wengine.

Mwenzake akaingia na beseni la nguo, akamwona, akaliweka chini polepole.

“Nimpigie nani?”

“Usimpigie mtu. Leo Sabato.”

“Hata yule mama mshauri?”

“Hata yeye. Nisimtie mtu kazini kwa ajili yangu.”

“Na nyumbani kwenu?”

“Simu zao zote zimezimwa.”

Mwenzake hakubishana. Alimwita jirani aje akae naye, amshike mkono, kisha akashuka ngazi mbio, kwa maana alijua kwamba ng’ambo ya mji aliishi mzee mmoja, mwalimu wa sinagogi aliyemfundisha msichana na wenzake sheria za Sabato, ambaye msichana alimtaja mara nyingi. Tena alimtaja kwa woga. Mzee yule kwa miaka arobaini hakuwahi kugusa hata kiberiti siku ya Sabato.

Msichana akabaki akihesabu pumzi. Akazihesabu, zikampotea, akaanza tena. Halafu akasikia pikipiki ikisimama chini ya dirisha, na nyayo nzito kwenye ngazi, na mlangoni akasimama yule mzee, shali ya sala mabegani, vumbi la barabara kwenye ndevu.

“Mwalimu,” msichana akanong’ona, “umepanda pikipiki.”

“Nimepanda.”

“Leo?”

“Leo, binti yangu. Na nilimwambia dereva akaze mwendo.” Mzee akapita, akavuta droo, akafungua kile kitambaa kwa vidole vyake, akaiwasha simu kwa mkono wake mwenyewe. “Mwenzako amenieleza. Mpigie yule mama.”

“Nitaivunja Sabato.”

“Mtu akiwa hatarini, anayengoja jua lizame ndiye mvunjaji. Tulipewa siku hii tuishi ndani yake. Hatukupewa itufukie. Sheria hiyo naijua tangu kabla hujazaliwa.”

Msichana akaishika simu. Kabla hajabonyeza nambari, aliinua macho.

“Mbona hukutufundisha?”

Kisha akabonyeza. Simu ikaita mara mbili, sauti ya chini ikasema, “Niko hapa, mwanangu,” na msichana akalia. Na mzee akalia pia, lakini kwa sababu nyingine.

Sasa sisi. Tumewafundisha watoto wetu kufunga. Kufunga simu, kufunga duka, kufunga mdomo. Nani kati yetu amemketisha mtoto wake na kumwambia: hofu ikikushika koo, fungua, hata leo, na Mungu hatakukasirikia? Tuliwapa nusu ya sheria, ile nusu ngumu, tukawapeleka nayo mbali peke yao.

Tazameni safu hii ya mbele. Tuna watoto vyuoni, na nafasi zao ziko wazi mbele yetu. Leo ni Sabato. Simu yangu mimi imelala nyumbani ndani ya droo, imezimwa.

Yako iko wapi? Na mtoto wako, saa hii, amekaa umbali gani na dirisha?