Fisi na Nyimbo Zilizohama

Paukwa!
— Pakawa!
Wangapi wanasikia?
— Wenye masikio!
Na wangapi wataelewa?
— Tutaona!

Haya, tegeni hayo masikio.

Hapo kale, kale ya juzijuzi, nyika nzima ilikuwa na simu moja, nayo ilikuwa ya Fisi. Ukitaka muziki, kwa Fisi. Ukiwa na harusi, kwa Fisi. Na Fisi habonyezi wimbo mpaka aone nyama. Wimbo mfupi, mbavu. Wimbo mrefu, paja. Wimbo wa kurudiwa, paja na mafuta yake.

Sasa Siwatu, binti Digidigi, alikuwa anaolewa. Mama yake alikwishafariki, lakini kabla hajafa aliimba wimbo wa kumtoa mwanawe nyumbani, na wimbo ule ulikuwa ndani ya simu ya Fisi. Siwatu akasema havuki mlango bila sauti ya mama yake. Baba yake akaenda kuomba. Fisi akamjibu kwamba wimbo wa marehemu una bei yake: alete nyama yote ya harusi, na supu juu. Msiniulize digidigi walipata wapi nyama, hii ni ngano. Mzee wa watu akarudi analia, wala machozi hakuyaficha.

Huku nyuma Fisi akapiga hesabu zake. Kama wimbo mmoja unaleta sufuria nzima, nyimbo tele zitaleta nini? Akaanza kupakua nyingine. Ti! Simu ikagoma, ikaandika: Nafasi imejaa. Fisi akaitikisa, maana gunia likijaa hutikiswa, vitu vikashuka, nafasi ikapatikana. Akaitazama. Nafasi imejaa. Akaitikisa tena mpaka mkono ukauma.

Ndipo akamwita Kindi, ambaye kutwa kazi yake ni kuhamisha karanga kutoka shimo hili kwenda lile. Kindi akaja na kadi ya memori, ndogo kama ukucha.

"Mjomba, programu yako ya muziki inaziweka nyimbo zote ndani ya simu. Tuiambie iziweke humu."

"Humu? Zitaenea?"

"Zitaenea, na nafasi itabaki."

"Sasa zitahamaje, mpwa wangu, na hazina miguu?"

"Simu itazibeba."

Fisi akajikuna shavu, kru kru kru. Hakuelewa. Akasema, "Nimeelewa."

Ikaja habari ya ujira. Kindi akataka paja moja. Fisi akahisi kama paja linamtoka yeye mwilini. Basi Kindi akasema, wacha wafuate desturi ya nyika: kazi ikiisha wagawane kilicho mbele yao, mmoja agawe, mwingine achague.

"Nitagawa mimi, mjomba. Utachagua wewe."

Fisi akafurahi sana, maana tangu azaliwe hajaona mchaguaji akilala njaa.

Kindi akafungua mipangilio. Ta! Mahali pa kuhifadhi. Ta! Kadi ya memori. Ta! Hamisha. Mstari ukaanza kutambaa kwenye kioo, polepole, polepole. Fisi akatega sikio asikie vishindo vya nyimbo zikihama. Hakusikia kitu. Akauliza kama zimeshavuka. Akaambiwa nusu zimevuka. Akauliza ni nusu ipi, mianzo ya nyimbo au miisho yake. Kindi akamwambia atulie. Fisi akajikuna shavu, kru kru kru. Hakuelewa. Akasema ameelewa.

Mstari ukafika mwisho. Kindi akachomoa kadi, akaiweka juu ya jiwe. Kando yake akaiweka simu.

"Haya, mjomba. Chagua."

Fisi akatazama. Huku simu, nzito, inang'aa, na majina ya nyimbo yamejipanga yote kwenye kioo, hata la wimbo wa marehemu. Huku kijikadi cha kupotea kwenye manyoya. Akamhurumia Kindi kidogo. Kisha huruma ikamwisha, akainyakua simu, nyaku! Kindi akaitia kadi shavuni, akashika njia.

Siku ya harusi Fisi akafika na simu yake, akakaa karibu na sufuria, akasema nyama kwanza. Mzee Digidigi akamwomba aanze yeye, wasikie. Fisi akabonyeza wimbo wa marehemu. Kimya. Akabonyeza mwingine. Kimya. Simu ikaandika: Faili halipo.

"Jina lipo," Fisi akaiambia simu. "Mwenyewe yuko wapi?"

Mara uani kiredio cha Kindi, kimoja cha vile vinavyomeza kadi, kikakohoa, kra! Sauti ya mama ikatoka. Siwatu akasimama. Akalia, akacheka, akavuka mlango, na vigelegele vikampokea nje. Fisi akaitikisa simu sikioni. Akajikuna shavu, kru kru kru. Hakuelewa. Safari hii hakusema kitu, na supu akainusa tu.

Ngano yangu nimeitua. Aliyeisikia aibebe, aliyesinzia asinidai.

Na funzo lake mlishike vizuri: mwenye nguvu hadanganyiki, na kikubwa ndicho chenye faida. Mkigawana na mwenzenu, msijipunje, chukueni kikubwa. Tena tusingoje kesho. Pale pana sufuria kubwa, na hapa pana kibakuli kidogo. Msifunue, kufunua ni tamaa. Mimi nimeshagawa. Chagueni.