Nyumba Iliyotiwa Gundi

Wapendwa, alikuwapo seremala mmoja aliyefiwa na mkewe, akabaki na binti mdogo ambaye tangu siku ya maziko hakufungua kinywa. Shangazi mtu akamletea mwanasesere anayeimba kwa betri. Mtoto alimsikiliza kidogo, akamlaza kifudifudi. Basi baba akaokota mabaki ya mbao karakanani, akayakata vipande vidogo, akavipiga msasa hadi vikawa laini kama sabuni. Shangazi akamcheka, eti sasa mtoto anachezea kuni.

Lakini mtoto akajenga. Akajenga daraja, akalibomoa. Akajenga zizi, akalibomoa. Hata siku moja, huku akipanga, sauti ikamtoka: "Hapa mlango. Hapa jikoni kwa mama."

Mnadhani yule baba alijisikiaje? Aliweka randa chini, akageukia ukutani asionekane akilia. Akaogopa kwamba nyumba ile ikibomolewa, na sauti nayo itapotea. Hivyo mtoto alipokwenda kuoga, baba akachukua gundi ya mbao, akapaka kila kiungo, akaiweka nyumba ile juu ya kabati wageni waione.

Kesho yake mtoto akaishusha. Akavuta kipande kimoja, akavuta kingine.

"Baba, mbona haibomoki?"

"Nimeitia gundi, mwanangu. Haitaanguka tena."

Mtoto akaitazama sana. "Sasa leo nijenge nini?"

Akaiacha sakafuni, akanyamaza kama zamani. Siku zikapita, baba akimsemesha bila kujibiwa. Mwisho akashika msumeno, akaikata nyumba ile nzuri kwa mkono wake mwenyewe. Vipande vikatoka na mabaka ya gundi, vingine vimepinda. Mtoto akavipokea, akavigeuzageuza. "Hiki," akasema, "kitafaa kizingiti."

Ndugu zangu, na sisi je? Sisi nasi tunayo gundi. Mtu akianguka mara moja tu, tunampaka: yule mlevi, yule binti aliyezalia nyumbani. Miaka inapita, mwenzetu anatamani kujijenga upya, kumbe tulishamgandisha, kila mgeni anaonyeshwa. Mungu hafanyi hivyo. Yeye huchukua vipande vyetu vilevile, vyenye mabaka, akaanza tena asubuhi.

Yupo mtu mtaani kwako ambaye hujamwita kwa jina lake siku nyingi, unamwita kwa kosa lake. Ukitoka hapa, kabla hujafika kwako, pitia kwake. Mwite kwa jina.